Sura Mbili, Mwili Mmoja: Uzuri na Upungufu wa Kompyuta Geuzi katika Kazi za Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila chama cha msingi kinapoandaa makisio ya mwaka, kifungu cha vifaa vya ofisi huzua maswali mengi. Hapo zamani maswali hayo yalihusu mizani, kabati la chuma na taipureta. Siku hizi yanahusu kompyuta. Na miongoni mwa kompyuta zinazopendekezwa iko moja inayovutia macho ya wajumbe kuliko nyingine zote. Ikiwekwa mezani ni kompyuta mpakato yenye kibodi. Ikigeuzwa, huwa kishikwambi cha kushikwa mkononi na kuandikiwa kwa kidole au kwa kalamu. Katika mazungumzo haya chombo hicho kitaitwa kompyuta geuzi.

Muuzaji humwambia katibu kwamba kwa kununua geuzi moja chama kimejipatia vyombo viwili kwa mpigo. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Fedha za chama si za katibu wala si za mwenyekiti. Zinatokana na makato ya kila kilo ya zao la mkulima. Chombo kikinunuliwa bila kufikiriwa, anayelipa ni yule mama aliyebeba gunia lake kichwani hadi ghalani. Kwa hiyo yafaa uzuri wa chombo hiki uelezwe bila chumvi, na upungufu wake uelezwe bila kuficha, ili wenye chama waamue wenyewe.

AINA ZAKE

Kompyuta geuzi ziko za aina kubwa mbili, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu kasoro za moja si kasoro za nyingine.

Aina ya kwanza ni ya kukunja. Kioo na kibodi vimeunganishwa kwa bawaba zinazozunguka nyuzi 360, yaani mzunguko mzima. Kioo kikisukumwa nyuma hadi kikagusana na mgongo wa kibodi, kompyuta nzima huwa ubao mmoja. Katikati ya safari hiyo upo mkao mwingine wa kufaa, uitwao mkao wa hema, ambapo kompyuta husimama kwa kingo zake kama paa la nyumba na kuwaonyesha kioo walioketi mbele yake.

Aina ya pili ni ya kubandua. Hapa kompyuta yote pamoja na betri imo nyuma ya kioo. Kibodi ni jalada jembamba linaloshikwa kwa sumaku, na kioo husimama kwa kutegemea mguu uliofichwa mgongoni. Mtumiaji akitaka kishikwambi, hubandua kibodi na kuiacha mezani.

Wazo lenyewe si geni. Mwezi Novemba 2002 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa toleo la Windows XP lililoandaliwa mahususi kwa kompyuta za kuandikiwa kwa kalamu, na watengenezaji kadhaa wakatoa mashine zilizozungusha kioo juu ya bawaba moja ya katikati. Mashine hizo zilikuwa nzito na za bei kubwa, nazo zilipata wateja wachache. Mwaka 2010 iPad ya kampuni ya Apple ilipoanza kuuzwa, ilidhihirika kwamba watu wengi walitaka ubao mwepesi wa kuguswa kwa kidole; hata hivyo kazi ndefu za kuandika na kupiga hesabu ziliendelea kufanywa kwenye kompyuta yenye kibodi. Mwaka 2012 ndipo makundi hayo mawili yalipokutanishwa kwa nguvu. Kampuni ya Lenovo ilitoa kompyuta yake ya Yoga yenye bawaba za nyuzi 360, na Microsoft ikatoa Surface, ambayo ni ya kubandua. Mashine nyingi za aina hii zilizomo madukani leo ni watoto na wajukuu wa hizo mbili.

UZURI WAKE

Uzuri wa kwanza, na ulio mkubwa kuliko wote kwa chama cha mazao, unaonekana penye mizani. Utaratibu uliozoeleka unajulikana kwa kila katibu. Karani hupima, hutamka uzito, na huandika katika daftari. Jioni, au baada ya siku tatu, takwimu hizo hunakiliwa katika kompyuta ya ofisini. Kila mara takwimu inaponakiliwa, mlango wa makosa hufunguliwa. Kilo 68 hunakiliwa 86, au jina la mwanachama mmoja likapewa mzigo wa mwenzake mwenye ukoo uleule. Siku ya malipo mkulima hulalamika, karani hukana, na imani katika chama hupungua. Kwa kompyuta geuzi, uzito huingizwa mara moja tu, penye mizani, mbele ya macho ya mwenye mzigo. Jioni kibodi hufunguliwa, na takwimu zilezile hujumlishwa bila kunakiliwa tena. Kishikwambi cha kawaida nacho chaweza kupokea takwimu hizo, ila baadaye hapana budi zihamishwe hadi kwenye kompyuta nyingine. Na mahali ambapo mtandao ni dhaifu, uhamishaji huo ni kazi inayosahaulika kwa urahisi.

Uzuri wa pili ni kalamu. Kompyuta geuzi nyingi hupokea kalamu maalumu ambayo huandika juu ya kioo kama inavyoandika juu ya karatasi, na mashine nyingi za namna hiyo hujua kuupuuza mguso wa kiganja kilichoegemea kioo. Mwanachama aweza kutia sahihi yake palepale kwamba amepokea mbegu au mbolea. Mjumbe wa kamati ya usimamizi aweza kuandika maoni yake pembeni mwa taarifa bila kuichapisha kwanza.

Uzuri wa tatu ni kuonyesha. Bodi inapokutana, kompyuta huwekwa katika mkao wa hema katikati ya meza, na wote hutazama mapato na matumizi kwa pamoja. Mzee ambaye macho yake yamechoka huomba herufi zikuzwe, nazo hukuzwa kwa vidole viwili. Hesabu inayoonekana na wote haina nafasi ya kunong'onezwa.

Uzuri wa nne ni urahisi wa kujifunza. Wanachama wengi wamekwisha kuzoea simu za kugusa kioo. Nchini Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa kwa walimu. Kwa hiyo, katika vijiji vingi yupo kijana au mwalimu anayeweza kumsaidia karani hatua za mwanzo.

Uzuri wa tano ni umeme. Geuzi nyingi za sasa huchajiwa kwa tundu la aina ya USB-C, kwa chaja ya wati 45 au 65. Kiasi hicho ni kidogo, na ofisi yenye mtambo wa nguvu za jua uliopimwa vizuri yaweza kukitoa. Tena betri yake hufanya kazi iendelee umeme unapokatika, jambo ambalo kompyuta ya mezani haiwezi bila kifaa kingine cha kuhifadhi umeme.

UPUNGUFU WAKE

Upungufu wa kwanza ni bei. Ukilinganisha mashine mbili zenye nguvu moja ya ndani, ile ya kugeuka huwa ghali zaidi kuliko ile ya kawaida, kwa maana mnunuzi hulipia pia bawaba, kioo cha kuguswa, na mara nyingine kalamu. Kwa aina ya kubandua yapasa kutazama kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi bei iliyotangazwa ni ya kioo peke yake. Kibodi na kalamu huuzwa mbali. Katibu aliyepeleka bei ya kioo kwenye makisio atajikuta anaomba nyongeza katikati ya mwaka.

Upungufu wa pili ni uzito. Kishikwambi cha kawaida kina uzito wa karibu nusu kilo. Geuzi ya kukunja yenye kioo cha inchi 13 au 14 aghalabu huwa kati ya kilo 1.3 na 1.6, na ikigeuzwa kuwa kishikwambi haipungui hata gramu moja, kwa kuwa kibodi ingali nyuma yake. Kilo moja na nusu si kitu begani, lakini juu ya mkono mmoja kwa saa mbili penye mizani ni adhabu. Aina ya kubandua ni nyepesi zaidi, ingawa nayo ina udhaifu wake: mguu wake unahitaji meza. Mtu aliyeketi kwenye benchi na kuiweka mapajani huona kioo kikiyumba na kuanguka nyuma.

Upungufu wa tatu umo katika bawaba. Ndani ya bawaba hupita nyaya nyembamba zinazounganisha kioo na mwili wa mashine, na kila kompyuta inapokunjwa, nyaya hizo nazo hukunjwa. Dalili za kuchoka kwake hujulikana: kioo humetameta, huzimika kikifunguliwa nusu, kisha huzimika kabisa. Vilevile kibodi ya geuzi ya kukunja, ikigeuzwa, hutazama chini. Vitufe vyake huwa vimezimwa visiandike, lakini huegemezwa juu ya meza yenye mchanga au gunia lenye vumbi. Lenovo walilitambua tatizo hilo mapema. Katika ThinkPad Yoga ya mwaka 2013 waliweka utaratibu wa fremu kuinuka na vitufe kukaa sawa nayo kompyuta ilipogeuzwa. Si watengenezaji wote waliochukua taabu hiyo.

Upungufu wa nne ni utengenezaji. Kioo cha kuguswa huwa kimegandishwa na skrini yenyewe, hivyo ufa mdogo wa juu mara nyingi hudai kubadilisha kipande chote. Mashine za kubandua zilikuwa na sifa mbaya zaidi. Kundi la iFixit la Marekani, ambalo hufungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, liliipa Surface Pro ya mwaka 2013 alama 1 kwa 10, kwa kuwa iligandishwa kwa gundi nyingi, na fundi hakuweza kuifikia betri bila kupasha moto na kubandua kioo. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa kwa kiasi fulani. Baadhi yake yana kifuniko kidogo cha kubadilishia diski. Lakini katika mashine nyingi nyembamba kumbukumbu ya kufanyia kazi imechomelewa kwa risasi juu ya ubao wake. Kiasi kilichonunuliwa siku ya kwanza ndicho kitakachobaki hadi siku ya mwisho.

Upungufu wa tano unatokana na mazingira ya kazi yenyewe. Geuzi nyingi za bei ya kati zina mwanga wa niti 250 hadi 400, ambao unatosha ofisini. Chini ya jua la saa sita mchana kioo kinachong'aa hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia uso. Kidole chenye jasho au vumbi la pamba huandika kisichokusudiwa. Joto nalo ni adui. Watengenezaji wengi hupendekeza mashine itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na bohari la bati wakati wa kiangazi hupita hapo kwa urahisi. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa mara kwa mara, na huchakaa upesi zaidi zikikaa katika joto. Hata kalamu ina mambo yake: nyingine hutumia betri ndogo nyembamba ambazo duka la kijijini halina.

Upungufu wa sita ni udanganyifu wa bei ya chini. Zipo geuzi ndogo za bei nafuu zenye kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Mfumo wenyewe na masahihisho yake hula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na baada ya muda mashine hukataa kupokea masahihisho kwa kukosa nafasi. Kwa kazi za hesabu za chama, GB 8 za kumbukumbu na GB 256 za hifadhi ndicho kipimo cha kuanzia.

FUNZO LA MWAKA 2012

Pana jambo jingine linalostahili kuelezwa peke yake. Surface ya kwanza kabisa, iliyotoka Oktoba 2012, ilitumia mfumo ulioitwa Windows RT. Kwa macho ilifanana na Windows iliyozoeleka, lakini ilijengwa juu ya kichakataji cha namna nyingine, na programu za kawaida za Windows hazikuweza kuwekwa ndani yake. Wanunuzi wengi hawakulifahamu hilo. Mashine zilibaki bila kununuliwa, na mwezi Julai 2013 Microsoft ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya akiba yake.

Kampuni kubwa huweza kuimeza hasara ya namna hiyo. Chama cha msingi hakiwezi. Na jambo lenyewe halijapita. Leo ziko tena geuzi zenye vichakataji vya jamii hiyo. Hizi za sasa huendesha programu nyingi za Windows vizuri, na betri yake hudumu. Walakini printa ya zamani, au kifaa cha kusoma alama za vidole, huweza kugoma kwa sababu mtengenezaji wake hakuandaa programu ya kukiwezesha katika mashine hizo. Zipo pia geuzi zinazotumia Android au ChromeOS, ambazo hufungua vizuri mifumo ya intaneti lakini haziwezi kupokea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe kuhusu rangi wala wembamba. Liwe hili: je, programu ya hesabu ya chama, printa ya chama na mfumo wa kutuma taarifa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika vitafanya kazi humu?

JAMBO LENYEWE

Sasa yafaa kurudi kwenye maneno ya muuzaji, kwamba geuzi moja ni vyombo viwili. Ukweli ni kwamba geuzi ina sura mbili, lakini mwili wake ni mmoja. Haiwezi kuwa penye mizani na mezani kwa mhasibu katika saa ileile. Ikiwa karani ameichukua kwenda kituo cha kununulia, mhasibu amebaki mikono mitupu. Na ikianguka ikavunjika, chama hakikupoteza kishikwambi tu. Kimepoteza na kompyuta. Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kwa chombo hiki, zikiponyoka huponyoka zote mbili.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Kipimo ni wafanyakazi wa chama na saa za kazi zao, kama mifano mitatu inavyoonyesha.

Mfano wa kwanza ni chama kidogo cha kahawa ambacho katibu ndiye mpimaji, ndiye mwandishi, na ndiye mtunza hesabu. Asubuhi yuko penye mizani, mchana yuko mezani, jioni yuko mbele ya bodi. Mtu ni mmoja, kazi ni mbili, na saa ni tofauti. Chama cha namna hii ndicho ambacho kompyuta geuzi iliumbwa kwa ajili yake.

Mfano wa pili ni chama cha korosho chenye vituo kadhaa, ambapo katika msimu makarani hupokea mizigo wakati uleule mhasibu anapoandaa orodha za malipo. Chama hicho kinahitaji miili miwili au zaidi. Kompyuta mpakato ya kawaida ofisini, na vishikwambi vya kawaida vituoni, vitafaa zaidi. Kimoja kikiharibika, vingine huendelea.

Mfano wa tatu ni chama cha akiba na mikopo ambacho shughuli zake zote hufanyika kaunta. Hakuna mizani, hakuna shamba, hakuna anayesimama. Kulipia bawaba hapo ni kulipia mlango usiofunguliwa. Kompyuta ya kawaida, imara, yenye kutengenezeka mjini, inatosha.

Hesabu ya miaka nayo isisahauliwe. Chukulia kwamba kompyuta imenunuliwa kwa shilingi 2,000,000. Ikitumika miaka 4, kila mwaka imegharimu shilingi 500,000. Bawaba ikivunjika mwishoni mwa mwaka wa 2 na fundi akashindwa, kila mwaka umegharimu shilingi 1,000,000. Bei ya dukani ni nusu ya habari; nusu nyingine ni muda ambao chombo kitadumu kazini.

NAMNA YA KUIJARIBU KABLA YA KULIPA

Chama kilichoona kwamba geuzi inakifaa kisimtume mtu mmoja peke yake na bahasha ya fedha. Waende wawili au watatu, akiwemo yule atakayeitumia, nao wafanye majaribio haya mbele ya muuzaji.

Kwanza, waigeuze iwe kishikwambi na mmoja wao aishike kwa mkono mmoja kwa muda wa robo saa, huku akiandika kwa mkono wa pili. Mkono utasema ukweli ambao karatasi ya matangazo haikuusema.

Pili, waitoe nje ya duka juani, na kusoma safu ya takwimu ndogo.

Tatu, waifungue na kuikunja mara kadhaa, wakitazama kama kioo kinayumba, kinatoa sauti, au kinamemetuka katika pembe yoyote.

Nne, wawe na nakala ya rejesta ya chama kwenye kidude cha kuhifadhia, yaani flashi, waifungue humo na kuingiza mistari kumi. Hapo wataona pia kama mashine ina tundu la kuingizia flashi, kwa maana nyembamba nyingi hazina, na hudai kiunganishi cha kununuliwa mbali.

Tano, ikiwa picha za stakabadhi zitapigwa kwa mashine hiyo, watazame kamera. Geuzi nyingi za kukunja zina kamera ya mbele tu, inayomtazama mtumiaji; za kubandua kwa kawaida zina na ya nyuma.

Sita, waulize kwa maandishi: dhamana ni ya muda gani, inaheshimiwa wapi, betri ya kubadilisha ni bei gani, na ni fundi yupi mjini aliye na kioo chake. Kuuliza si ujinga, na muuzaji asiyetaka kuandika majibu yake amekwisha kuyajibu.

Kwa mashine zilizotumika, tahadhari iongezwe. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Geuzi nyingi nzuri za miaka ya nyuma, hasa zenye vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Zinauzwa kwa bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Kuhifadhi humo majina, namba za simu na akaunti za wanachama ni kuacha dirisha la ofisi wazi usiku.

BAADA YA KUINUNUA

Chombo chenye sura ya kishikwambi hutembea, na kitembeacho huibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imewawekea wenye kutunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na chama hakimo nje ya wajibu huo. Kwa hiyo mashine iwe na neno la siri, hifadhi yake ifungwe kwa ufunguo wa kompyuta, na ufunguo wa dharura uandikwe na kuwekwa ndani ya kasha la chama, si ndani ya mfuko wa karani. Nakala ya takwimu itolewe kila jioni na ibaki ofisini. Nakala inayolala ndani ya mkoba mmoja pamoja na kompyuta huibiwa pamoja nayo.

Mashine itiwe katika daftari la mali za kudumu kwa namba yake, na atakayeitoa ofisini atie sahihi wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Iwekewe jalada gumu. Isiachwe ndani ya gari juani wala juu ya magunia. Bawaba ifutwe vumbi kwa brashi laini kila juma wakati wa msimu. Na stakabadhi ya karatasi ya mkulima isiondolewe kwa sababu kompyuta imekuja. Mkulima hana mashine ya kusomea kilicho ndani ya mashine. Karatasi aliyonayo mkononi ndiyo haki yake, na siku takwimu zitakapopingana, ndiyo shahidi wake.

Ndugu wanachama, mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta, iwe ya sura moja au ya sura mbili, ni daftari tu la namna mpya. Itaandika vizuri yale yanayoandikwa kwa uaminifu, na itaandika haraka yale yanayoandikwa kwa hila. Kwa hiyo bodi inapoleta ombi la ununuzi mbele ya mkutano mkuu, ilete karatasi moja yenye safu mbili: upande mmoja kazi zinazofanywa kwa kusimama, upande wa pili kazi zinazofanywa kwa kuketi, na mbele ya kila kazi liandikwe jina la mfanyaji na saa anayoifanya. Ikiwa mtu ni yuleyule na saa ni tofauti, mkutano waweza kuidhinisha geuzi kwa moyo mweupe. Ikiwa watu ni wawili na saa ni moja, wanachama wana haki ya kuuliza ni nani kati ya hao wawili atakayekaa bure akisubiri chombo.

Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi atakapokuja, ataona si risiti tu, bali na sababu.